Matone ya Mama Mkwe

Kama jicho linakuuma sasa hivi, usisome haya. Mpe mtu akusomee, wewe kaa penye giza, fumba macho, sikiliza. Najua unavyojilazimisha. Na mimi nilijilazimisha, nikawa nashona nguo za watu huku machozi yanadondoka juu ya kitambaa, najiambia ni vumbi, litatoka. Siyo vumbi bwana. Lingekuwa vumbi lingeshatoka juzi.

Mimi ni fundi cherehani wa Kasokola. Jicho langu la kushoto liliondoka na surua nikiwa mtoto mdogo, hata sikumbuki kuona nalo. Lilibaki jeupe, nikalizoea, watu nao wakalizoea. La kulia ndilo lililonisomesha, likanifundisha kutunga uzi kwenye sindano, likanichagulia na mke. Kwa hiyo ugonjwa ulipolivamia hilo la kulia, nielewe vizuri: kwangu mimi hilo halikuwa jicho moja. Ndiyo macho yote niliyokuwa nayo.

Ulinianza mwaka ule tulipohamishiwa kwenye kijiji kipya, wakati wa kuvuna mahindi. Miaka ya sabini hiyo, waliokuwepo wanakumbuka. Watu wa serikali walikuja na kamba, wakapima mistari, wakatuambia wewe jenga hapa, wewe pale. Hawakuuliza nani ni mkwe wa nani. Nyumba yangu ikatazamana na nyumba ya mama mkwe wangu, mlango kwa mlango, katikati njia tu.

Asiyejua desturi yetu atasema, sasa kuna ubaya gani? Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Ukimwona anakuja njiani unaingia porini mpaka apite. Huli mbele yake, hutaji jina lake, na usoni humtazami kabisa. Zamani ilikuwa rahisi, yeye alikaa kwao ng'ambo ya mto na mimi kwetu. Sasa kila asubuhi nikifungua mlango naye anafungua wake, basi wote wawili tunageuka mbio kurudi ndani. Mke wangu Skolastika alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Mimi sikucheka, maana mkojo ulikuwa umenibana.

Msimu haujaisha, jicho likaanza. Kwanza kama mchanga umeingia. Nikaosha, nikapulizwa, nikalambwa na shangazi mmoja kwa ncha ya ulimi kama wanavyofanya wazee, mchanga hautoki. Halafu mwanga. Sijui nikuelezeje kuhusu mwanga. Jua la Mpanda unalijua, lakini hapo hata weupe wa kitambaa ulikuwa unanichoma. Jicho lilikuwa linajifumba lenyewe kwa nguvu, kope zimekaza, machozi yanatiririka mpaka pua inaziba. Nikawa natembea nimejifunika kichwa kwa shuka mchana kweupe, watoto wananikimbia.

Hospitali ya wilaya nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Ukienda, kaa upande wa ukutani ambako jua halifiki, wala usione aibu kumwomba mtu akupishe. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alininyoshea upindo wa kitenge chake niulaze usoni. Sikumjua, wala sikuuona uso wake, na mpaka leo namwombea. Nilipewa dawa ya mafuta ya kupaka na bandeji, nikarudi nyumbani kipofu wa muda, nashikwa mkono na mke wangu. Likapoa polepole.

Ndipo akaja mjomba Gaspari. Huyu ni mdogo wake mama mkwe, ndiye mwenye sauti katika ukoo wa mke wangu. Mtu wa kuvaa koti hata kwenye joto. Alikaa, akakataa uji, akasema, "Mkwe wetu, usitafute mbali. Umemwangalia mama mkwe wako. Jicho limepata lilichokitafuta."

"Mzee, sijamwangalia. Nafungua mlango tu."

"Mlango unaangalia wapi?"

Akaniamuru nijenge wigo wa matete mbele ya nyumba, mrefu kuliko mtu, ili mama mkwe asionekane. Nikajenga. Ndiyo, nilijenga, maana niliogopa. Kazi yangu ya kibarazani ikaingia gizani, wateja wakawa wanasimama njiani wanaita kama wanaita mbuzi. Lakini nilisema potelea mbali, ilimradi jicho lipone.

Masika yaliyofuata nikapata malaria. Homa ilinitetemesha kitanda kizima, na homa ilipoanza kushuka, mchanga ukarudi jichoni. Ule ule. Nikamwita mjomba Gaspari mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Mzee, wigo upo, na jicho limerudi. Unasemaje?"

Akauzunguka wigo wangu, anaupapasa kwa fimbo yake. "Basi kuna tundu," akasema.

Jamani! Niliziba, lakini nilikasirika nikasahau kuumwa. Na hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nimsikilize jirani mmoja aliyetoka Sitalike na mrija wa dawa ya jicho uliobaki kwa ndugu yake. Alisema hiyo inang'arisha jicho upesi. Kweli, iling'arisha. Wekundu ukaondoka, maumivu yakatulia, nikachinja kuku. Kumbe chini ya weupe ule kidonda kinakula. Siku moja nikakaa kwenye cherehani, natafuta tundu la sindano silioni. Nikafikiri sindano imevunjika. Skolastika akaishika, akasema, "Baba Yustina, sindano nzima hii." Mbele yangu palikuwa na ukungu kama wa asubuhi ya kiangazi, ila ukungu huo haukupanda na jua.

Nakuomba, wewe unayesikiliza: dawa ya jicho ya mtu mwingine usiiweke jichoni mwako. Hata kama yeye ilimponya. Hata kama jicho limekuwa jeupe kama maziwa.

Tukapanda treni kwenda Tabora. Nilijifunga kitambaa cheusi, nikakaa nimeelekea ukuta wa behewa, nasikia watu wananunua asali na ndizi kila tunaposimama. Skolastika alinisimulia vituo vyote ili nisichoke. Huko kulikuwa na daktari wa macho, na foleni yake ilijaa uwanja. Wengine walikuwa vipofu kabisa, wameshikana mabega. Niliwasikia wanataniana, wanacheka, na mimi mwenye ukungu tu nilikuwa nalia. Nikaona haya, nikanyamaza.

Daktari alinidondoshea maji ya rangi ya machungwa, akaniwashia taa yenye mwanga wa buluu. Akamwita msaidizi wake aje kutazama. Nikauliza wanaona nini. Akasema kwenye kioo cha mbele cha jicho kuna kidonda chenye matawi, kama mzizi mdogo. Halafu akachukua uzi wa pamba akasema, "Nikigusa, sema." Nikangoja. Nikangoja tena. "Mbona hugusi?" nikamwuliza. Akajibu, "Nimeshagusa mara nyingi." Jicho linauma namna ile, na bado likiguswa halijui!

"Ugonjwa huu hauondoki," alisema. "Unalala."

"Unalala wapi?"

"Ndani, kwenye mshipa wa fahamu. Homa inauamsha. Jua kali linauamsha. Kuchoka sana pia."

"Na mkwe?"

"Mkwe gani?"

Nikasema basi, yaishe. Skolastika alinifinya paja. Lakini neno hilo nililibeba mpaka Mpanda: daktari hamjui mkwe.

Alikikwangua kidonda, akanifunga, tukakaa Tabora mpaka kikafunga. Kovu lilibaki, dogo, pembeni. Tulipoagana aliniambia hivi, na ninayarudia kwa ajili yako: "Ugonjwa utakaporudi, usingoje. Kuna dawa ya matone. Kila saa, tangu unapoamka mpaka unapolala, bila kuruka. Ukiruka, kidonda kinafika katikati ya kioo, na hapo sitakuwa na la kufanya."

Ugonjwa ukarudi msimu wa kuvuna mpunga. Nilikuwa nimeinama juani siku nzima, mjinga mimi. Safari hii sikungoja, nilienda hospitali jioni ile ile. Dawa ilikuwepo, chupa moja ndogo. Nyingine ingekuja na treni, lini, hakuna aliyejua. Waliniambia niiweke mahali pa baridi, nikawa naiweka kwenye kikombe kinachoelea ndani ya mtungi wa maji.

Sasa sikia shida ilipo. Jicho linalokimbia mwanga halifunguki. Unainua chupa, kope zinakaza, tone linaangukia shavuni. Unajaribu tena, linaingia sikioni. Chupa inapungua na jicho ni kavu. Asubuhi na jioni Skolastika alinilaza mapajani akaniwekea vizuri. Lakini mchana alikuwa shamba la kijiji, zamu yake na zamu yangu, na akitoka hapo anakimbilia mpunga wetu kabla ndege hawajaumaliza. Watoto walikuwa shule. Mtaa mzima ulibaki na kuku na watu wasioweza jembe: mimi, na mkongwe wa ng'ambo ya njia.

Siku hiyo nilikuwa nimelala chali kwenye jamvi nyuma ya wigo, namwaga dawa na kutukana. Nilitukana matone, nikatukana matete, nikamtukana mjomba Gaspari na koti lake. Nikasikia wigo unasogezwa. Kisha sauti ambayo nilikuwa naisikia kwa mbali tu, akiita kuku.

"Wewe mtungi," ilisema, ikiuambia mtungi wa maji uliokuwa kando yangu, "mwambie mtu huyo anipe chupa."

Nikataka kuinuka nikimbie, nikakumbuka kuwa sioni pa kukimbilia.

"Mtungi, mwambie mama," nikasema, "kwamba ni mwiko."

"Mtungi, mwambie mtu huyo kwamba mwiko naujua kabla hajazaliwa. Alete chupa."

Nikainua mkono wenye chupa, uso nimeugeuzia ukuta. Aliichukua. Alikuwa amejifunika kitenge kichwa na uso, nilijua kwa jinsi sauti ilivyokuja nzito. Kidole kimoja kikavuta kope ya chini, kingine kikainua ya juu, vikavu, vimetulia. Tone likaingia katikati ya jicho. La kwanza mchana ule kuingia! Akarudi kwake. Kengele ya shule ilipogongwa saa iliyofuata, kile kipande cha reli, nikasikia wigo tena.

Jioni nilimwambia Skolastika. Nilidhani atafurahi. Alikaa chini, akajifunika mikono usoni.

"Mama yangu akushike uso? Watu watasema nini?"

"Waseme. Unataka niwe kipofu ili watu wanyamaze?"

"Nyie wawili mtaniua," akasema. Akanipa mgongo mpaka asubuhi. Lakini alipokwenda shamba alinyosha jamvi langu, akaweka na kigoda pembeni yake. Mgonjwa ana haki ya kuumwa peke yake, lakini walio naye ndio wanaobeba maneno ya watu, na hilo nimelijua kwa kumwona yeye.

Habari haikukaa. Mjomba Gaspari alikuja mchana, hakubisha hodi, alikuta mkono wa dada yake juu ya paji langu. Aliita jina la baba yao. Akaanza kupiga kelele mpaka mzee balozi wa nyumba kumi akatoka, na waliokuwa wanarudi shambani na matita ya mpunga wakasimama njiani kutazama. Skolastika alikuwa miongoni mwao.

"Mnataka kuua ukoo!" mjomba alisema. "Jicho limeharibika kwa kutazamana, na nyie mnashikana! Leo inakwisha. Mtatoa mbuzi wa kutakasa, na kama sivyo, Skolastika anarudi nyumbani na watoto wake."

Nilikaa. Jicho lilikuwa linachuruzika, ukungu mtupu, watu wote ni vivuli. Nilikuwa nimeogopa miaka hiyo yote, na hofu ikaniisha pale pale. Nikasema:

"Mzee Gaspari, uliniambia nijenge wigo, nilijenga. Ukasema wigo una tundu, nikaziba. Jicho likarudi na wigo umezibwa! Daktari kanigusa jicho kwa pamba sikusikia. Unajua maana yake? Linakufa. Hilo la kushoto lilikufa sijui hata kusema. Hili halifi mimi nimenyamaza. Kama mwiko wenu unataka jicho, uje uchukue la kwako, una mawili. Kengele ikigongwa naweka dawa, mkwe awepo asiwepo, na mbuzi akae zizini."

Mama mkwe akasimama. Nikasikia kitenge kinavutwa, na watu njiani wakaguna. Amejifunua uso, mbele yangu, mbele ya kijiji.

"Gaspari," alisema, "funza zako nani alikuwa anakutoa?"

"Dada, hayo siyo—"

"Nani? Ulikuwa unalia unanikojolea miguuni, nakutoa funza kwa mwiba mpaka mwisho. Sikukuacha na vidonda nikasema desturi. Mimi ndiye niliyemzaa Skola. Huyu akipofuka, nani atamlisha mwanangu na wajukuu wangu? Koti lako?"

Mtu mmoja njiani akacheka, wakafuata wote. Mjomba akamgeukia Skolastika. "Shika watoto, twende."

Nilimsikia mke wangu akitua tita lake la mpunga chini.

"Mjomba, mpunga haujaisha," akasema. "Kama unataka kunipeleka, kwanza unisaidie kuvuna." Akaingia ndani kupika.

Mzee balozi akasema watu waende wakale. Mjomba alikaa kidogo, nadhani alingoja mtu ambembeleze, halafu akaondoka. Miezi mingi hakufika kwetu. Mbuzi wake mpaka leo hajamwona.

Kengele ikagongwa. "Lala," mama mkwe akasema, na sikusikia ametaja mtungi.

Usidhani kuanzia hapo ilikuwa rahisi. Tone lilikuwa linachoma. Kope zilivimba, zikababuka kwa dawa. Chupa ilifika chini na treni haijaleta nyingine, nikakaa siku mbaya sana, mama mkwe ananiwekea kitambaa cha maji ya baridi na kuniambia nisijikune kama mtoto. Kuna asubuhi niliamka nikaona ukungu mzito kuliko jana, nikamwambia Skolastika auze cherehani. Alinijibu, "Kauze wewe, ukiiona njia ya kwenda sokoni." Nilimchukia kwa nusu siku. Dawa ikaja na treni. Tukaanza upya, kengele kwa kengele, msimu wa mpunga ukaisha, watu wakaanza kuchoma mashamba, moshi ukajaa, na mama mkwe akawa ananilaza ndani, mlango umefungwa.

Ninaandika haya ili usije ukadhani mwenye jicho la namna hii ni mtu wa kungoja kwa adabu. Usingoje. Piga kelele. Mtafute mwenye mkono usiotetemeka, awe yeyote yule, akae upande wako. Ugonjwa wangu unarudi bado, nikipata homa, nikichoka, na nikiusikia ule mchanga wa kwanza natangaza mtaa mzima. Sina aibu nao tena.

Nimalizie na asubuhi moja. Upepo wa kiangazi ulikuwa umetulia. Nilikuwa nimelala chali kama kawaida, kengele imegongwa, kidole kimeshika kope ya chini, nangoja tone. Jicho likafunguka lenyewe, bila kukaza. Juu yangu palikuwa na kivuli, kisha kivuli kikapata mashavu, kikapata nyusi zenye mvi, kovu dogo juu ya mdomo, na mdomo wenyewe, ule wa kubinuka upande mmoja unapokazania kazi. Mdomo ule nimeamka nao miaka yote ya ndoa yangu. Nikaanza kucheka, machozi yananitoka, siwezi kujizuia.

"Unacheka nini?"

"Mama," nikasema, "kumbe Skola kafanana na wewe."

"Ulidhani kafanana na nani?" akasema. "Tulia, unamwaga dawa."